Bembea Chini ya Dirisha la Mama Klotilda

Juzi nilipita nyuma ya ghala moja, katika mji ninakoishi sasa, nikakutana na harufu ya mpunga uliolowa. Magunia yalikuwa yamenyeshewa, yakaachwa yamebanana, na ndani yake mpunga ulikuwa umeanza kupata joto. Ni harufu nzito, ina uchachu wa togwa iliyosahaulika na uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi. Watu waliokuwa mbele yangu waliziba pua wakaongeza mwendo. Mimi nilisimama. Nilivuta pumzi kama mtu anayepita jirani na mahali panapochomwa vitumbua, nikajikuta natabasamu peke yangu barabarani. Kwa wengine harufu ile ni hasara. Kwangu ni harufu ya siku tulipomweza Mama Klotilda.

Ninyi wa rika langu mnaujua uwanja ninaotaka kuusimulia, kwa sababu kila mtaa ulikuwa nao mmoja kabla viwanja havijaisha. Wetu, pale Viwanja Sitini, Ifakara, ulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Hakuna aliyeuchora wala kuupanga. Upande wa mashine palikuwa na lundo la pumba, refu kuliko mtu mzima, tukilirukia kutoka juu ya ukuta na kurudi nyumbani tunajikuna shingo na makwapa. Katikati ardhi ilikuwa imeshindiliwa na miguu mpaka inang'aa, na hapo ndipo wasichana tulipochezea rede, mmoja kati na wawili wakimrushia mpira wa soksi, huku wavulana wakigombania nusu iliyobaki. Upande wa chini palikuwa na mfereji. Masika ulijaa, tukawa tunavua kambare wadogo kwa kanga ya mama wa mtu yeyote aliyesahau kuianua.

Nyumba moja tu ilikuwa na dirisha lililotazama uwanja huo, nayo ilikuwa ya Mama Klotilda. Klotilda mwenyewe sikumwona hata mara moja, alikuwa ameolewa Morogoro, lakini mama yake alitosha kwa wawili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kutembea kama anayekwenda kupokea komunyo. Ndiye aliyeongoza rozari katika jumuiya yetu. Alinunua mpunga kwa wakulima, akauanika, akaukoboa, akauza mchele kwa watu wenye malori. Mwanzoni alitandika turubai moja pembeni mwa uwanja wakati wa mavuno. Mavuno yaliyofuata maturubai yakawa matatu. Baadaye maturubai yake yakaanzia ukuta wa mashine yakaishia karibu na mfereji. Uwanja wetu haukuporwa siku moja. Uliliwa kama panya anavyokula gunia, kuanzia pembeni.

Mdogo wangu Fausta alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Adhuhuri moja mpira wa rede ulimpita, ukavuka, ukatua katikati ya mpunga wa Mama Klotilda. Fausta aliufuata. Alikuwa ametoka kuchezea mfereji, miguu yake ina tope, na kila alipokanyaga aliacha alama nyeusi juu ya ule wekundu wa dhahabu.

Dirisha likafunguka.

"Nani huyo anakanyaga chakula?"

Watoto wote wakatawanyika kama kuku. Mimi nilikimbia hatua chache, nikakumbuka kwamba Fausta yuko nyuma, nikarudi. Mama Klotilda alikuwa ameshatoka, kanga moja kifuani, nyingine begani.

"Shikamoo," Fausta alisema. Tulifundishwa kwamba salamu hupunguza hasira.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Mpunga."

"Mpunga ni nini?"

"Chakula."

"Chakula unakipigia magoti, hukikanyagi. Haya, piga magoti. Hapo hapo. Mikono juu."

Kama hujawahi kupiga magoti juu ya mpunga mkavu, basi jua kwamba punje ya mpunga ina ncha, na ganda lake lina vinyweleo kama vya kiwavi. Jua lilikuwa utosini. Fausta alibaki pale mpaka kivuli cha ukuta wa mashine kilipomfikia. Mama Klotilda alikaa kibarazani akichambua mchicha, na kila mikono ya mtoto iliposhuka, alisema bila kuinua macho, "Juu." Nilisimama pembeni ya turubai nimeshika ule mpira wa soksi. Nilidhani nikikaa kimya atamwachia mapema. Hakumwachia mapema.

Mama alizitoa zile punje magotini mwa Fausta kwa ncha ya pini, moja moja, kibatari kikiwa karibu. Fausta hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

"Mama, twende ukamseme."

"Nikamseme nani?"

"Mama Klotilda."

Mama aliifuta pini kwenye upindo wa kanga. "Vero, baba yenu alipozikwa, masufuria yaliyojaa uani hapa yalikuwa ya nani?"

"Yake."

"Na mchele uliolisha watu mpaka tukaondoa msiba?"

"Wake."

"Basi."

"Aniombe radhi," Fausta alisema. Tulidhani amesinzia.

"Mtu mzima hamwombi mtoto radhi, Fausta. Lala, mama."

Neno hilo "basi" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa akili yangu ya utoto nilielewa kwamba ule mchele wa msiba tulikuwa bado tunaurudisha, na kwamba Mama Klotilda ndiye anayechagua tuurudishe kwa kitu gani. Leo kaanza na magoti ya Fausta. Kesho atataka nini? Nikaapa, kwa jina la baba yangu aliyekuwa kaburini, kwamba mwanamke yule nitamlipa, na sitamlipa kwa mchele.

Nikaanza kumchunguza. Sikuwa na nguvu ya kitu kingine. Nilijua anaamka saa ya kengele ya kwanza ya misa, nilijua anakotupa maji ya kuoshea vyombo, nilijua ana jino la nyuma linalomsumbua akila muwa. Hakuwa mwoga wa nyoka wala wa mwenyekiti wa mtaa. Udhaifu wake niliupata mwishoni, na ulikuwa mdogo hata nikacheka: hakuweza kuishi bila usingizi wa mchana. Baada ya chakula alilala chini ya dirisha lile, upepo wa uwanjani ukimpuliza, na siku ambayo kelele zilimwamsha alishinda ameshika kichwa, akimkaripia kila apitaye, hata paroko.

Mvua zilipoanza tulikwenda shambani kama kawaida. Tulivuka kwa pantoni pale Kivukoni, na sufuria, jembe, godoro lililokunjwa na kuku mmoja miguu imefungwa. Mtaa wetu msimu ule ulibaki mtupu nusu. Sisi tulilala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, na kazi yetu watoto ikawa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu kunapambazuka. Nilikuwa hodari wa kombeo. Kila kwelea niliyemrushia tope nilimwita jina moja, na Fausta, aliyekuwa akipiga debe, aliitikia kutoka upande wa pili wa shamba, "Umempata?" Nilipompata alipiga debe kama ngoma ya kipaimara.

Tuliporudi na mavuno, kitu cha kwanza tulichokiona uwanjani kilikuwa vigingi. Vilikuwa vimefungwa vitambaa vyekundu, vimekata uwanja vipande viwili: kikubwa sana upande wa juu, na kijisehemu kule kwenye mfereji.

Gaudensi, aliyekuwa nahodha wa wavulana na mwenye mdomo kuliko miguu, alikuwa ametutangulia kurudi. "Uwanja umeshagawanywa," alisema.

"Nani kaugawa?"

"Wananchi."

"Wananchi gani?"

"Wale waliobaki."

Habari niliipata vipande vipande, nikaiunga. Lilikuja shirika fulani, pamoja na watu wa halmashauri, kutengeneza upya viwanja vya michezo vya mitaa. Masharti yao yalikuwa kwamba wakazi wenyewe waseme wanataka nini. Basi mkutano ukaitishwa, na ukaitishwa katikati ya msimu wa kilimo, wakati wakazi wenyewe wako ng'ambo ya mto wanafukuza ndege. Dada aliyetumwa, Dada Rehema, alitoka Dar es Salaam na hakujua. Wenyeji walijua, lakini jambo linalojulikana na wote hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Waliohudhuria ni wenye maduka, mwenye mashine, walimu wawili watatu, na Mama Klotilda. Akasimama, akaongea vizuri kama anavyoongea kanisani. Akasema mtaa unahitaji sakafu ya saruji ya kuanikia mpunga, na pembeni, kule mferejini, watoto wawekewe bembea. Wakapiga makofi. Wakapiga vigingi.

Bahati yetu ni kwamba Dada Rehema alirudi kuangalia vile vigingi mchana wa siku ya kawaida ya mavuno, watu wote wakiwa wamesharudi. Alikuwa msichana mnene, mwenye kofia ya ukili na viatu vya raba. Alisimama kati ya watoto wanaorukia pumba na watoto wanaorushiana mpira, akamgeukia mwenyekiti wa mtaa.

"Hawa wote walikuwa wapi?"

"Shambani," alijibu mwenyekiti, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Wote?"

"Na mama zao."

Dada Rehema alikaa juu ya jiwe. Kisha akainuka, akavua kofia, akaja kwetu kuuliza tunacheza nini. Hatukumweleza, tulimwingiza kati. Alipigwa mpira wa mgongo mara ya kwanza, wa paja mara ya pili, akaomba maji. Lakini alielewa. Alimwambia mwenyekiti kwamba kazi inaanza upya, na safari hii hakuna hotuba. Jumamosi kila mkazi, mkubwa na mtoto, aje asimame mahali anapopataka, kwa ajili ya kitu anachokitaka. "Msiondoke mpaka niwapitie," alisema. "Mtakaposimama ndipo nitakapopiga kigingi."

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba ardhi inamjua aliyesimama juu yake, na kwamba ukiinua mguu kabla ya kigingi, inakusahau moja kwa moja. Niliwaapisha watoto wenzangu hivyo, mmoja mmoja. Gaudensi na kundi lake nikawaweka katikati, kwenye goli. Wasichana wa rede nikawapanga mbele yao. Wadogo wabaki kwenye pumba, maana tulikuwa tumemwambia Dada Rehema kwamba pumba ni mchezo, na yeye akasema hajawahi kusikia lakini kwa nini isiwe. Mimi na Fausta tungesimamia bembea. Nilikuwa nimechagua mahali pake tangu niko kwenye dungu: hatua chache kutoka dirisha la Mama Klotilda, pale upepo unapopitia kwenda kumpuliza usingizini.

Jumamosi ilipofika Mama Klotilda alikuwa amejipanga kuliko sisi. Mpunga wake aliuhamisha kutoka uwanjani asubuhi, akauanika kando ya barabara ya lami, upande wa pili wa mashine, ili watu wapate nafasi ya kusimama na mgeni aone uwanja ulivyo mweupe, unavyofaa sakafu. Akawaleta kina mama wanaompetea mchele, na waume zao, na vijana wake wa kubeba magunia. Wakajaa upande wa juu kama siku ya Pasaka.

"Shikamoo, Mama Klotilda," nilisema, kwa sababu tulikuwa tumesimama chini ya dirisha lake na yeye alikuwa hatua mbili kutoka kwetu.

"Marahaba. Na ninyi mmekuja kusimama?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu hiyo? Njiti za kiberiti hizo, Vero. Utasimama mpaka saa ngapi?"

Wapetaji wakacheka. Mmoja akasema, "Upepo ukija tutamwokotea mferejini."

"Mpaka usinzie," Fausta alisema.

Kicheko kiliongezeka, kisha kikakatika ghafla, wenyewe wakajikumbuka wanamcheka nani. Mama yetu, aliyekuwa amekuja kusimama na sisi kwa aibu, kanga imemfunika nusu ya uso, alimfinya Fausta begani. Lakini alibaki. Hilo nataka lijulikane. Alibaki upande wetu, macho yake akiyaweka chini.

Dada Rehema alianzia mbali, kwenye mfereji, akiwa na kijana wa nyundo. Alikwenda polepole. Kila kundi aliliuliza linataka nini, akasikiliza, akasogeza mtu huku, mwingine kule. Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka milima ya Udzungwa, meusi, yale ya mwisho wa masika yanayokuja wakati hakuna anayeyahitaji tena. Hakuna aliyeyataja. Sote tuliyaona.

Tone la kwanza lilinipiga mkononi. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka barabarani, upande wa pili wa mashine.

"Mvuaa! Mpunga wa watuu!"

Lazima niwaeleze wasiolelewa bondeni. Mpunga ulioanikwa ukinyeshewa, huulizi ni wa nani. Unakimbia. Unaacha ugali mdomoni, unaacha ugomvi katikati ya tusi, unakwenda kuzoa mpunga wa mtu usiyesalimiana naye, kwa ndoo, kwa ungo, kwa kanga, kwa viganja, na mkimaliza mnaweza kuurudia ugomvi wenu mlipouachia. Nimewahi kuona watu waliokuwa wanakwenda kuzika wakiweka jeneza barazani kwa mtu ili wazoe mpunga. Na wenye kasi kuliko wote ni watoto, kwa sababu tuko karibu na ardhi.

Basi upande wa juu uliondoka wote. Wapetaji, waume, vijana wa magunia, mwenyekiti, na Mama Klotilda mbele yao, kanga ya begani ikidondoka na yeye asigeuke kuiokota. Mama yangu aliondoka pia. Sikumwona hata alipoanza. Nilihisi tu kwamba mahali alipokuwa pameingia baridi.

Miguu yangu ilitaka kwenda. Miguu ya kila mtoto pale uwanjani ilitaka kwenda, niliwaona wanavyochezesha visigino.

"Vero!" Gaudensi alipiga kelele. "Mpunga!"

"Simama!"

"Mpunga wa watu, Vero!"

"Ukiinua mguu goli limekwenda! Ni wa Mama Klotilda! Simama!"

Akasimama. Alikuwa analia kwa hasira, kamasi na mvua pamoja, ananitukana mimi na ukoo wangu, lakini akasimama, na wenzake wakasimama. Mvua ikashuka yote. Tuliusikia upande wa pili wa mashine, watu wakiitana, mabati ya ndoo, mtu akilia "Shika huku, shika huku, unaondoka na maji!" Nilimkamata Fausta mkono. Baadaye niligundua kwamba sikuwa na haja ya kumkamata. Alikuwa amejikita kama nguzo ya dungu.

Dada Rehema, ambaye hakujua maana ya zile kelele, alifika kwetu na mwavuli, raba zake zimejaa tope. Alitazama upande wa juu uliobaki mtupu, vibanzi vya pumba vikielea.

"Jamani, wakubwa wamekwenda wapi?"

Fausta alinitangulia kujibu.

"Wanaogopa kulowa, anti."

Dada Rehema alitikisa kichwa. Alitutazama sisi, tulivyochirizika, midomo ya bluu, vidole vya miguu vimezama, na nikaona macho yake yamebadilika. "Haya," alimwambia kijana wa nyundo. "Hapa. Piga hapa." Kigingi cha bembea kikaingia kati ya mguu wangu na wa Fausta. Kisha akaenda kwa Gaudensi, akaenda kwa wasichana wa rede, akaenda kwa wadogo wa pumba. Upande wa sakafu hakuwa na wa kumuuliza.

Mama alirudi uwanjani mvua ilipokatika, punje za mpunga zimemganda kwenye nywele.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulisimama."

"Mlisikia?"

"Tulisikia."

Nilijiandaa kwa kofi. Hakunipiga. Alisema tu, "Mpunga hauna kosa, Vero," akaingia ndani, na siku hiyo alipika akatupakulia bila kutuita majina yetu.

Siku ya pili yake alituvuta mimi na Fausta mpaka kwa Mama Klotilda tukampe pole. Harufu ilitupokea njiani. Karibu nusu ya mpunga ulikuwa umelowa mpaka ndani, umetandazwa kibarazani, uani, hata juu ya paa la jiko, na jua lenyewe la siku hiyo lilikuwa la kuazima. Mama Klotilda alikuwa juu ya turubai, anavunja mabonge kwa mikono, anatupa yaliyokwisha kuharibika. Alikuwa amepiga magoti. Nilimwona Fausta akiyatazama magoti yale, meusi, yamejaa punje, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyeshiba.

"Pole, mama," mama yetu alisema. "Tumekuja kukupa pole. Na watoto hawa..."

"Sina neno na watoto," Mama Klotilda alisema bila kusimama. "Mimi nilikimbilia changu. Waliobaki wamepata chao." Akavunja bonge jingine, akalinusa, akalitupa karibu na mguu wangu. "Ila Vero mwanangu, wewe una roho ngumu. Utafika mbali. Sijui utafika na nani."

Ule mpunga ulinuka mtaani mpaka watu wakaacha kuutaja. Niliivuta harufu yake kila asubuhi nikienda shule, kwa pua zote mbili.

Mwenyekiti alijaribu kupeleka maneno kwamba zoezi lirudiwe, kwa sababu mvua iliingilia. Mama Klotilda ndiye aliyemkatalia. Kiburi chake hakikumruhusu kusimama mara mbili kwa ajili ya kitu kimoja. Mafundi wakaja wakati wa kiangazi. Goli likajengwa kwa mabomba, uwanja wa rede ukazungushiwa matofali ya kukalia, na pumba zikachimbiwa shimo lenye kingo za mbao, tukaendelea kurukia na kujikuna kihalali. Bembea ikasimama pale pale kwenye kigingi chetu. Ilikuwa na minyororo, na minyororo hiyo, tangu wiki ya kwanza, ililia kama punda.

"Tupake mafuta ya mashine," Gaudensi alisema.

"Ukipaka nakung'ata," Fausta alimjibu.

Kila siku baada ya chakula, mtaa ukiwa umelala kwa joto, Fausta alitoka na kukalia bembea. Hakuimba, hakupiga kelele, hakufanya lolote ambalo mtu mzima angeweza kumkataza. Alibembea tu. Mnyororo ulilia kwenda, ukalia kurudi. Nilijilaza kwenye mkeka wetu nikiusikiliza, na huo ndio usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kulala. Mama Klotilda hakulalamika hata mara moja. Wiki chache akavumilia, kisha akaanza kufunga dirisha, na nilijua vizuri nyumba ile ikifungwa dirisha inakuwaje mchana wa Ifakara. Nilihesabu kisasi kimekamilika. Niliamini pia kwamba kilikuwa kisasi changu, kwamba mimi ndiye niliyekipanga na mdogo wangu alikuwa ameshikwa mkono tu.

Mavuno yaliyofuata yalitupendelea. Mama alipata mpunga kuliko wakati wowote tangu baba afariki, na akauanika mbele ya nyumba yetu, kwenye kijia kinachopakana na uwanja, wote kwa pamoja, kwa sababu hakuwa na maturubai ya kuugawa. Ulikuwa ndio ada ya shule, ndio mbegu, ndio chakula. Mchana, watu wamelala, wingu likaja bila ngurumo. Mama alikuwa kisimani. Mimi niliamshwa na matone kwenye bati, na nilipotoka nje nikawa nimeshachelewa, kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshapiga kelele.

"Mpunga wa watuu!"

Ilikuwa sauti ya kanisani. Mama Klotilda alitoka kwake mbio, kanga moja tu mwilini, kichwa wazi, mvi zake ambazo sikuwahi kuziona, ndoo mkononi. Alikuwa wa kwanza kufika. Alizoa kama mtu anayezoa moto. Wapetaji wakaja nyuma yake, Gaudensi akaja, mtaa ukaja, mimi nikajitupa kati yao nakusanya kwa mikono, na kila nilipoinua macho niliiona mikono yake mirefu ikipita mbele yangu, inajaza, inabeba, inarudi. Hakunitazama. Hakuwa na haja. Mtaa mzima ulikuwa unaona ni nani anazoa mpunga wa nani, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo mama yangu atamwamkia mwanamke huyu kwa kupiga goti mpaka kifo. Hapo ndipo nilipojua kisasi kinavyofanywa na watu wazima. Nilikuwa nimemlowesha nusu ya mpunga. Yeye alikuwa ananirudishia wangu wote mkavu, mbele ya watu, na sikuwa na pa kumkataa.

Ndipo nikasikia mnyororo.

Fausta alikuwa kwenye bembea. Mvua inampiga, gauni limemganda, anakwenda na kurudi chini ya dirisha lililofunguliwa kwa haraka ya mvua na kuachwa wazi, kwa mwendo ule ule wa kila siku. Watu walipita mbele yake na mizigo, wakimwita, na yeye aliwaangalia kama mtu anayeangalia gari moshi.

Mama Klotilda alisimama mbele ya bembea, ndoo ya mpunga wetu kichwani, maji yakimtiririka usoni.

"Fausta! Shuka. Mpunga wa mama yako huo."

Fausta alimtazama mwanamke yule machoni, akasubiri. Alisubiri kwa muda wa kutosha mtu kusema neno moja, lile la radhi alilolitaka tangu usiku wa pini, kama angetaka kulisema. Mama Klotilda hakulisema.

"Sijamaliza," Fausta alisema, akajisukuma kwa miguu, akaenda juu.